Paji la Uso la Marehemu

Kioo hakikuvunjika. Najua wengi wenu mmeshakivunja vichwani mwenu tangu wiki iliyopita, na mmoja kanisimamisha njiani kunieleza vipande viliruka mpaka wapi. Lakini kilikuwa kioo cha kliniki, kimezungushiwa mpira pembeni. Kilimponyoka Mapambo mkononi, kikaanguka pu! kikabiringika mpaka uvunguni mwa kitanda.

Kilichovunjika ni mtu.

"Siyo mimi huyu!" alipiga ukelele, bandeji zikining'inia begani. "Daktari, siyo mimi!"

Na wewe uliyeazima gazeti kwa jirani leo kwa mara ya kwanza, nikupe kwa ufupi usiachwe nyuma. Mapambo ni mpambaji wa maharusi. Mpe uzi wa pamba, ashike ncha moja kwa meno, hakuna unyusi utakaomshinda. Lakini umri ulipobisha hodi, ulianzia kwenye paji lake mwenyewe. Makunyanzi yakajipanga, ngozi ikateremka ikazikalia kope, na kila bibi harusi aliyeketi kitini alimuuliza swali lile lile: "Dada, umechoka?" Nani atamwamini mpambaji mwenye uso wa usingizi? Mumewe, muuza vipuri vya magari, aliposafiri kufuata mzigo, Mapambo alimwambia anakwenda kwao kumuuguza mama. Kumbe anakwenda kwenye kisu.

Haya, sasa tuko pamoja. Turudi kitandani.

"Tulia, mama," daktari alisema. "Huo ni uvimbe tu. Ukishuka utajiona."

"Uvimbe naujua! Usinifundishe nyusi, daktari, nyusi ndizo zinazonilisha. Huu unyusi wa kushoto umepanda juu kuliko mwenzake. Mimi zangu zilikuwa sawasawa tangu nizaliwe. Huu si wangu!"

Daktari alikunja mikono. Hakuwa mtu mbaya, ila hakupenda kazi yake iguswe.

"Mama, nilikueleza mapema. Mimi simpi mtu sura mpya, namrudishia ile ya zamani. Ndiyo maana kila mgonjwa namwambia aniletee picha yake ya ujanani. Yako niliikuza, nikaibandika ukutani kule chumba cha upasuaji. Nikachana nyuma ya nywele, nikailegeza misuli inayokunja uso, nikaivuta ngozi juu, iliyozidi nikaikata, na kuishikiza. Kushoto nilipandisha zaidi kidogo, kwa sababu picha ndivyo inavyosema."

"Inasema nini hiyo picha? Nipe niione!"

Muuguzi aliifuata. Mapambo akavaa miwani yake ya kusomea, na hapo ndipo wenye akili mtamlaumu, maana alipoichukua picha ile kwa mama yake hakuvaa miwani. Aliona gauni la maua analolikumbuka, akaona msichana mwembamba anayecheka, akasema huyu ndiye mimi, akaitia mkobani. Mtu haukagui uso wake wa zamani, anauamini tu. Mganga hajigangi.

Sasa aliikagua. Ilikuwa kipande cha picha, imekatwa kwa mkasi upande mmoja. Msichana alikuwa anacheka, na unyusi wake wa kushoto umepanda juu, kama mtu aliyeambiwa habari asiyoitarajia.



"Huyu ni dada yangu," alinong'ona.

"Kumbe! Mnafanana sana," daktari alisema. "Basi mlete siku moja, nimwone."

"Alikufa. Nilikuwa msichana bado. Alichukuliwa na mto."

Muuguzi alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka akaugusa ukuta kwa mgongo.

"Nishushie," Mapambo aliomba. "Nirudishie uso wangu, hata ule wa makunyanzi. Nautaka ule ule."

Daktari aliinamisha kichwa. "Kuinua naweza, mama. Kushusha ni kazi nyingine. Ngozi niliyoiondoa nimeshaitupa."

* * *

Dada yake walimwita Mshangao, kwa sababu ya unyusi ule. Hata akiwa na hasira, alionekana kama aliyeshangaa, na walimu walimchapa wakidhani anawacheza shere. Mapambo alikuwa mdogo wake wa kufuatana naye, na dunia nzima ni Mshangao peke yake aliyemwita Kadogo. Jina hilo lilikwenda na mto.

Na mto ulikwendaje naye? Alikuwa ameolewa, hana hata mwaka. Walitoka yeye na mumewe siku ya mvua kubwa, wakafika darajani, na mume akarudi peke yake, maji yakimchuruzika, mkononi kashika kiatu kimoja. "Mto umemchukua," alisema, akaanguka mlangoni. Watu walitafuta mpaka wakachoka. Wakalia bila maiti, wakaaga bila kaburi.

Mume mwenyewe alikuwa kijana muuza vipuri.

Ndiyo, huyo huyo. Msinirukie! Alilia sana kijana wa watu, akakonda, akawa kila jioni anakuja kwa mama mkwe kukaa kimya. Mapambo alikuwa akimpa chai. Chai ikawa mazungumzo, mazungumzo yakawa posa. Wakubwa wakasema afadhali, damu haijatoka nje. Wakazaa, wakasomesha, watoto wakaenda kwenye maisha yao huko mbali. Mapambo alimpenda mumewe, siwafichi. Lakini miaka yote hiyo hakuwahi kulala upande wa ukutani, kwa kuwa dada yake alipenda kulala upande wa ukutani.

Sasa alijificha kwa mama yake, chumba cha nyuma, kitambaa kimefunika mishono kichwani, macho yamezungukwa na weusi unaogeuka manjano. Alidhani akivificha vioo vyote yatakwisha. Wapi! Dada alimtazama kutoka ubavuni mwa birika. Alimtazama kutoka kwenye maji ya beseni, na kwenye kioo cha dirisha mvua ilipotia giza nje. Mapambo aligeuka ghafla mara nyingi mpaka shingo ikamuuma, na kila alipogeuka, yule mwingine naye aligeuka.

Alichukua wanja akajaribu kuushusha unyusi kwa kuuchora chini zaidi. Akachukua uzi, akaunyoa juu, akaunyoa tena. Unyusi ulibaki na nywele chache, lakini ulibaki pale pale juu, umeshangaa.

Asubuhi moja alinawa uso, akainua kichwa, akasahau kujilinda. Dada alikuwa mbele yake kwenye kioo kidogo alichokisahau mama msumarini.

"Shikamoo, dada," Mapambo alijikuta amesema.

Na marehemu naye akatikisa midomo, akamwamkia shikamoo.

Mapambo alikaa chini sakafuni, akalia kwa sauti ambayo hakuitoa hata siku ya msiba. "Umefuata nini kwangu?" alisema. "Mumeo? Nilikuomba ruhusa moyoni, dada, wallahi nilikuomba! Kama unamtaka, mchukue. Nirudishie uso wangu tu."

Mama yake alisimama mlangoni, ungo mkononi, akimsikiliza. Kikongwe yule hakusema pole. Aliweka ungo chini, akapiga magoti kwa shida, akaupitisha mkono wake mkavu juu ya paji la binti yake, taratibu, kutoka unyusi mmoja mpaka wa pili. Machozi yalikuwa yanamtoka. Lakini uso wake ulikuwa umetulia, kama uso wa mtu aliyefika alikokuwa anakwenda.

Hapo Mapambo aliacha kulia.

"Mama," alisema. "Siku nilipokuja na uso huu, muuguzi wa watu aliogopa. Dereva wa teksi aliniangalia mpaka akapanda ukingo wa barabara. Wewe hukushtuka. Kwa nini hukushtuka?"

"Nishtuke nini? Mtoto wangu."

"Yupi?"

Mama aliuondoa mkono pajini.

"Ile picha uliikata mwenyewe kwa mkasi, mama. Vipande vyote viwili vilikuwa sandukuni mwako. Nilikuomba changu. Macho yako hayana kasoro, unatunga uzi kwenye sindano kuliko mimi. Ulinipa kipande cha dada. Ulikosea, au ulinipa?"

"Nilikupa," mama alisema.

Lo! Mapambo alisikia masikio yanavuma.

"Mama, umechezea uso wangu? Uso wangu! Mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Wewe ndiye niliyebakiwa naye." Kikongwe alikaa vizuri, miguu akainyoosha mbele. "Sikiliza, halafu unitukane. Mumeo aliniletea kiatu cha mwanangu. Kiatu cha kamba, unakikumbuka? Kilikuwa kimelowa. Lakini kamba zilikuwa zimefunguliwa vizuri, moja moja, mpaka tundu la mwisho. Niambie, mwanangu, ni maji gani yanayojua kufungua kamba za viatu?"

"Na hukusema! Miaka yote hiyo!"

"Ningesema na nani? Mara ya kwanza nilidhani ni kiwewe cha msiba. Nilipokuja kuamini, wewe umeshavaa shela. Nilipotaka kufungua mdomo, una mimba. Kila nilipotaka kusema, kulikuwa na mtoto wako mgongoni mwangu. Nimezeeka. Sitaki kuingia kaburini sijui kama mwanangu ana lake au hana. Ukaja wewe unataka picha, unasema daktari atairudisha sura ile ile. Shetani akanipitia, au malaika, mimi sijui. Nikasema, basi aione. Yule mwanamume auone uso ule tena, nami nimwone yeye anavyouona."

"Ungeniambia!"

"Ungekubali?"

Jibu walilijua wote wawili. Alimchukia mama yake wakati ule, na siwezi kumlaumu. Akainuka akusanye nguo zake aondoke, aende popote. Akashika mkoba. Akashika mlango.

Honi ikalia nje. Honi fupi, ya mtu asiyependa kusubiri.

Waliijua wote. Mumewe hakutarajiwa kabla ya wiki ijayo.

Mama alimshika mkono, na nguvu zile kikongwe alizitoa wapi, hakuna ajuaye. "Nipe dakika chache tu za uso huo," alisema. "Halafu usiniite mama tena ukitaka. Kaa kitandani. Usiseme neno, sauti yako na ya dada yako hazifanani."

Jamani, ndoa ya mtu ilikuwa kwenye mizani. Akitoka nje na kusema mume wangu, nimepasuliwa paji, nisamehe, atagombezwa, watacheka, na maisha yataendelea. Akikaa kitandani, huenda asiwe tena na mume. Lakini kiatu kile kilikuwa kimeshaingia kichwani mwake, na kamba zake zimefunguliwa vizuri.

Mapambo akakaa.

* * *

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Mbona mapema?"

"Mzigo ulitoka haraka. Mbona uko wima? Nilisikia unaumwa."

"Nilipona. Mkeo kaitwa saluni, kuna harusi." Mama alidanganya bila kumeza mate. "Lakini kuna mgeni wako chumba cha nyuma. Mwanamke. Kaja amejifunika, hata uso sijauona sawasawa. Kalitaja jina lako, akaingia akakaa. Kamsikilize, mimi chungu changu kinaungua."

Hatua zilikuja. Mapambo aliweka mikono ndani ya kanga, akainamisha kichwa. Mlango ukafunguliwa. Akauinua uso wake.

Alijiandaa kwa mengi. Mume angepiga kelele. Angekimbia. Angeanguka magotini, aombe msamaha, na hapo wangejua. Mwanamume aliyeona mzuka hana budi kufanya mojawapo.

Mumewe hakufanya hata moja. Alitazama unyusi ule wa kushoto, akashusha pumzi, akaufunga mlango nyuma yake polepole. Sauti aliyoitoa ilikuwa ya mtu aliyemkuta mbuzi wake nje ya zizi.

"Nani amekufungulia?" aliuliza.

Isome tena hiyo, msomaji. Maiti hafunguliwi mlango.

Dada yu hai. Yu hai, na amefungiwa mahali, na anayeuliza ufunguo ni mtu aliyelala naye kitanda kimoja ujana wake wote! Ukelele ulimfika kooni. Lakini akiutoa, mama ataingia mbio, mwanamume atakana, ataondoka na gari lake, na dada hataonekana tena. Akinyamaza, huenda akaonyeshwa njia.

Aliumeza ukelele ule. Uliteremka kama mfupa.

"Mama yako ameuona uso wako?"

Mapambo alitikisa kichwa, hapana.

"Na mdogo wako?"

Akatikisa tena.

"Bahati yako. Na hayo macho? Umeanguka ulipokuwa unatoroka?"

Akakubali kwa kichwa.

"Unaona sasa? Nimekwambia mara ngapi dunia ya nje haikufai?" Akamshika kiwiko, si kwa nguvu. "Inuka, tupite mlango wa nyuma."

Walipita karibu na dirisha la jikoni. Mama alikuwa amesimama ndani na mwiko mkononi, na chungu kilikuwa kinaungua kweli. Alikuwa amesikia. Alifungua mdomo. Mapambo akamtazama kwa macho ya mwanawe aliyepotea, akatikisa kichwa kidogo sana: usije. Kikongwe akaing'ata ncha ya kanga yake ili asitoe sauti.

Garini kulijaa maboksi ya vipuri. Mapambo aliketi nyuma, kati ya vichujio vya mafuta na mikanda ya injini, harufu ile aliyoizoea kwenye mashati anayofua. Mumewe aliendesha kwa utulivu, akimtupia jicho kwenye kioo cha juu.

"Zile dawa zako nimekuja nazo," alisema. "Na kile kitambaa cha pazia ulichokitaka."

Alizungumza kwa upole. Hilo ndilo lililomchoma Mapambo kuliko yote. Upole ule aliudhani ni wake peke yake.

"Mbona umenyamaza? Wewe wa kunyamaza wewe?"

Mapambo alikohoa, akajifunika mdomo kwa kanga.

"Vizuri. Nyamaza. Ukifika utamweleza kijana umetokaje."

Kijana! Mapambo alibana mikono magotini. Alidhani watatoka nje ya mji, wafuate ile barabara ya safari zote za mumewe. Gari halikutoka mjini. Lilipita sokoni, likapita mbele ya saluni yake mwenyewe, likakata kona nyuma ya duka la vipuri, na kusimama kwenye uchochoro uliokuwa na geti la bati lisilo na rangi.

Aliujua ukuta ule. Ulikuwa ukuta wa nyuma wa stoo. Alikuwa akiuegemea kwa upande wa pili kila alipompelekea mumewe chakula, akimsubiri amalize na wateja. Wakati mwingine alikuwa akisikia mtu anaimba, akadhani ni redio ya jirani. Siku moja alimwambia mumewe, "Jirani yako ana redio nzuri." Mumewe alicheka.



Geti lilifunguliwa kutoka ndani. Akatoka kijana mkubwa, mtu mzima wa kuitwa baba, ameshika fundo la funguo. Mapambo alishuka, na alipouona uso wake, alishika mlango wa gari. Kijana alikuwa na paji pana, limeteremka kidogo juu ya kope, nyusi mbili sawasawa, na macho ya mtu aliyechoka tangu kuzaliwa. Lilikuwa paji la ukoo wao, paji alilopewa Mapambo na babu zake, na ambalo daktari alilitupa.

"Shikamoo, baba," kijana alisema.

Kisha akamwona mwanamke. Akamtazama. Akageuka kuutazama mlango wa nyumba nyuma yake, mlango wa chuma, kufuli limening'inia. Akamtazama tena.

"Mama?" alisema, na sauti yake ikawa ya mtoto mdogo. "Mama, umetokaje nje? Nimekufungia mwenyewe sasa hivi. Ufunguo si huu hapa?"



Mume aligeuka taratibu. Hakutazama tena paji. Macho yake yalishuka, yakapita kwenye kanga, yakafika kwenye mkono ulioushika mlango wa gari. Kidole cha shahada kilikuwa na ile sugu ya uzi, alama ya miaka ya kunyoa nyusi za watu. Mkono huo alikuwa ameuvisha pete yeye mwenyewe.

"Mke wangu," alisema.

Mapambo alirudi nyuma. Nyuma kulikuwa na gari.

"Umejifanya nini usoni, mke wangu?" aliuliza kwa upole ule ule. Halafu, bila kuinua sauti, akamwambia kijana, "Funga geti."

Bati likagonga chuma. Komeo likaingia.

Hapakuwa tena na la kuficha. Mapambo alivuta pumzi, mishono ikamwuma kichwani, akapiga kelele kwa sauti yake mwenyewe, sauti ambayo hakuna kisu kilichoigusa. "Dada! Dada Mshangao! Ni mimi!"

Kijana alikuwa anamtazama mmoja, anamtazama mwingine.

Kisha kitu kikagonga mlango wa chuma kwa ndani. Ikaja sauti nzito, ile ile waliyoililia bila kaburi, ila sasa imezeeka.

"Kadogo?"

"Ni mimi, dada! Ni Kadogo!"

Kule ndani mtu alianza kulia, na hakikuwa kilio cha furaha.

"Jamani, Kadogo," sauti ilisema. "Na wewe amekuleta?"